Walinda amani na raia: maneno ya kijiweni Kigoma, na ukweli wake

Habari za vita ya Kongo sisi wa Kigoma hatuzisubiri redioni. Zinashuka Kibirizi na abiria wa boti, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996. Ndiyo maana kila kijiwe kina wachambuzi wake, na baadhi ya wanayosema kuhusu walinda amani wa Umoja wa Mataifa hayako sawa.

"Hawaruhusiwi kupiga risasi, wanakwenda kutazama tu." Hili nalisikia kuliko yote. Tangu Azimio 1270 la mwaka 1999, kuhusu Sierra Leone, Baraza la Usalama limekuwa likiviagiza vikosi vyake kulinda raia walio hatarini, hata kwa silaha. Kikosi cha Kongo kilipewa agizo hilo 2000. Lakini wanaolalamika nao wana hoja. Ukaguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe wa 2014 ulihesabu matukio 507 ya raia kushambuliwa kati ya 2010 na 2013. Vikosi viliitikia papo hapo mara 101. Ruhusa ilikuwepo. Waliopaswa kuitumia walisita, wengine wakingoja kauli ya nchi zao kwanza.

"Askari wetu wanajua vita, wafundishwe nini tena?" Vita wanaijua kweli: brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia kuwatimua waasi wa M23 mwaka 2013 huko Kongo iliongozwa na Mtanzania, James Mwakibolwa. Kulinda raia ni kazi nyingine. Unaanza kwa kuuliza nani atashambuliwa, wapi, saa ngapi. Akina mama wanaokwenda kutafuta kuni wanapita njia ipi, na siku gani? Doria ikipita saa ileile kila siku, wenye mapanga wataisubiri ipite. Hata kuzungumza na watu kuna utaratibu wake: mwanakijiji anayeonekana akinong'ona na askari mchana anaweza kufuatwa usiku. Mambo haya hufanyiwa mazoezi kabla ya safari, na jukumu hilo ni la nchi inayotuma askari.

"Wakifika wao, serikali ya pale haina kazi tena." Hapana. Mwenye wajibu wa kwanza wa kulinda raia ni serikali ileile.

"Tuna Kiswahili, tutaelewana nao." Mashariki ya Kongo, sawa. Jamhuri ya Afrika ya Kati watu wanaongea Kisango, kwa hiyo lazima awepo mkalimani, na wa kike asikosekane: mama aliyebakwa hawezi kulazimishwa kusimulia mbele ya wanaume watatu wenye bunduki.