Nyasi bandia zinataka matunzo, tena sana tu

Miaka na miaka watu wanasema uwanja ukitandikwa kapeti, kama ilivyofanyika Kaitaba kule Bukoba, basi kazi imeisha, hakuna kumwagilia wala kufyeka. Hapana jamani. Zile nyasi ni plastiki, mara nyingi polietilini, inayeyushwa pamoja na rangi ya kijani inatolewa kama nyuzi, halafu mashine yenye sindano kibao inazishona kwenye kitambaa na mgongoni inapakwa gundi. Uwanjani sasa katikati ya nyuzi wanajaza mchanga na punje za mpira, nyingi ni za matairi yaliyosagwa, na hizo punje ndo zinasimamisha nyasi na kuokoa magoti ya wachezaji. Shida ni kwamba zinahama kila siku, kwenye viatu, kwenye maji ya mvua, kwa hiyo lazima kupiga brashi na kuongeza nyingine, hasa pale kwenye penati na golini. Na maji yanahitajika pia, maana jua la saa nane plastiki inachoma kuliko majani ya kweli. Isipotunzwa nyasi zinalala, uwanja unakuwa mgumu kabla hata ya miaka kama 10 ambayo nyasi hizi zinatarajiwa kudumu, na watoto ndo wanaumia.