Bendi ya Wanawake Watupu na Roki Mbadala: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wanawake wanne wakishusha magita, besi na dramu mlangoni mwa ukumbi Kampala, hawajafunga hata waya mmoja swali limeshafika: "Wapigaji mmewaacha wapi?" Humo mna nusu ya dhana tunazozipangua hapa. Mfano wetu mkuu ni L7, bendi ya roki ya wanawake wa Los Angeles, kwa kuwa safari yao ina kila kitu: kuanza mwaka 1985, kupanda, kukwama 2001, kisha kurudi 2014.

Dhana: Mambo haya yameanza juzi

Les Amazones de Guinée, bendi ya askari wa kike wa jandarma (polisi wa kijeshi) wa Guinea, ilianzishwa 1961. Fanny wa Marekani walitoa albamu chini ya kampuni kubwa mwaka 1970. Shonen Knife walianza Osaka, Japani, 1981. Machi 1982 The Go-Go's walishika namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard, wakipiga vyombo vyao na kutunga nyimbo zao wenyewe. Promota anayetangaza vijana wake kuwa "wa kwanza duniani" aone haya kidogo.

Dhana: Mwimbaji akiwa mwanamke, hiyo ni bendi ya wanawake

Si lazima. Hole, bendi ya mwimbaji Courtney Love, walikuwa na mwanamume, Eric Erlandson, kwenye gita. Garbage ni Shirley Manson na wanaume watatu.

Dhana: Kuna mwanamume nyuma anayewatungia

Hii ndiyo sugu kuliko zote. Hutokana na kuchanganya mtunzi na prodyuza. Albamu ya L7 ya 1992, Bricks Are Heavy, ilisimamiwa studioni na Butch Vig, yuleyule wa Garbage. Nyimbo nyingi, hata hivyo, zilitoka kwa akina Donita Sparks, Suzi Gardner na Jennifer Finch. Prodyuza husaidia kuchagua mwendo wa wimbo, mlio wa dramu, na upigaji upi kati ya kumi ubaki. Hiyo ni kazi, lakini si utunzi.

Dawa yake ni karatasi. Siku wimbo unapokamilika, kabla hamjatoka chumba cha mazoezi, andikeni jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno, nani katunga sauti, na asilimia ya kila mmoja. Jumla iwe 100. Wote mtie sahihi, kila mtu aondoke na nakala. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006. Ulinzi wake unaanza wimbo unapowekwa kwenye maandishi au rekodi, na usajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, unawapa ushahidi. Makusanyo ya watunzi hupitia UPRS, chama kinachowakusanyia malipo nyimbo zao zikipigwa. Mpigaji ambaye hakutunga ana haki zake kama mtumbuizaji, lakini fungu lake si lile la mtunzi. Hapo ndipo bendi nyingi huumia, kwa sababu wote walitoka jasho sawa jukwaani. The Go-Go's walivunjika 1985, na mgao usio sawa wa pesa za utunzi ulikuwa mojawapo ya vidonda. Kama mnataka kugawana sawa bila kujali nani katunga, sawa, ila liandikwe hilo wakati bado mko fukara. Pesa ikishaingia kila mtu hukumbuka tofauti.

Dhana: Vidole vya mwanamke havifiki

Tatizo likiwepo huwa kwenye urefu wa uzi, na urefu huo hununuliwa dukani. Gita la mtindo wa Stratocaster lina uzi wa milimita 648 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, na la mtindo wa Les Paul lina takriban 628. Besi ya kawaida ina 864, na ipo fupi ya 762 ambayo wanaume wengi pia huipenda. Ukichukua besi fupi, nunua nyuzi zake fupi. Ukiweka ndefu na kuikata, sehemu nene ndiyo itakayozungushwa kwenye kigingi: itapinda vibaya, itateleza, na siku ya onyesho itakatika.

Dhana: Dramu si chombo cha mwanamke

Huku kwetu dhana hii ina mizizi. Kwa desturi ya Buganda mwanamume ndiye aliyepiga ngoma, mwanamke akacheza. Leo wasichana wanapiga ngoma shuleni, na jirani zetu Rwanda wana Ingoma Nshya, kikundi kizima cha wanawake wapiga ngoma. Nguvu za mabega hazina kazi kubwa hapa. Ukubwa wa mlio hutokana na urefu fimbo inakotokea na kuiacha irudi yenyewe. Anayebana fimbo kwa kiganja kizima hutoka malengelenge baada ya nyimbo tatu, na mlio wake hufa kwa sababu fimbo inakaa juu ya ngozi. Shika kwa kidole gumba na cha shahada, theluthi moja kutoka mwisho wa nyuma wa fimbo. Anza na fimbo za 5A, saizi ya kawaida. Kiti kipandishwe hadi paja lishuke kidogo kuelekea gotini, la sivyo kiuno ndicho kitakachopiga kick, ngoma kubwa ya mguu.

Dhana: Sauti ya mwanamke humezwa na magita

Humezwa kweli, lakini na ya mwanamume humezwa vilevile kosa likiwa lilelile. Gita lenye distoshoni, yaani mlio wa kukwaruza wa roki, linajaa kati ya kilohezi 1 na 4, mahali hasa penye herufi zinazofanya maneno yaeleweke. Magita mawili yakikaa hapo, hakuna koo litakalopenya.

Anzeni kwenye amplifaya, kabla ya meza ya sauti. Punguzeni gaini, kile kitufe kinachozidisha distoshoni, hadi muone aibu kidogo. Distoshoni inayosikika nyembamba chumbani husikika nene ukumbini, na ile inayonguruma vizuri chumbani hugeuka uji. Gita moja libaki chini, la pili lipande. Fundi mitambo apunguze magita desibeli 3 karibu na kilohezi 2.5, na kwenye maiki ya mwimbaji akate besi chini ya hezi 120.

Mwimbaji naye ana yake. Mdomo uwe sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye maiki. Kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, pozi la wasanii wa rap, huziba matundu yanayoisaidia kukataa sauti za nyuma, na maiki hupiga mluzi papo hapo. Monita, spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake, ikae nyuma ya maiki, ikitazama mkia wake. Ikiwa pembeni, fundi ataishusha ili mluzi ukome, mwimbaji hatajisikia, atapiga kelele, na kufikia wimbo wa nne koo limekwisha.

Dhana: Roki ni amplifaya kubwa

Ukumbi wa watu 150 unatoshwa na amplifaya ya taa (valvu) ya wati 15 hadi 20 iliyowekewa maiki. Kubwa zaidi inamlazimu mpiga dramu kukaza mikono, na tumeshaona mwisho wake.

Hatari ya kweli iko ukutani. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Amplifaya iliyoletwa na shangazi kutoka Marekani huenda ni ya volti 120 pekee. Soma nyuma yake kabla ya kuchomeka. Ikila wati 300, tafuta transfoma ya kushusha ya angalau 500 VA (volti-ampea), na ujue kwamba haibadilishi hezi, hivyo transfoma ya ndani ya amplifaya itapata joto zaidi. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala kwa karatasi ya sigara. Pini ya ardhi isikatwe kamwe. Mpiga gita aliyeshika nyuzi huku midomo ikigusa maiki iliyo kwenye soketi nyingine isiyo na ardhi anaweza kupigwa shoti ya kuua. Amplifaya na meza ya sauti zitoke chanzo kimoja, na jenereta ikiyumba, zimeni kwanza.

Dhana: Kiswahili hakikai kwenye roki

Kinakaa, ukiheshimu mkazo. Karibu kila neno huwa na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi aliyezoea Kiingereza huimba "nimechoka" huku "ka" ikiangukia pigo la kwanza, na msikilizaji anasikia mgeni. Chelewesha mstari nusu pigo ili "cho" ndiyo ishike hapo. Kiitikio kiishie kwenye "a" au "o", kwa sababu "i" na "u" zikipandishwa juu hubana koo. Waganda wengi bado husikia Kiswahili kama lugha ya askari. Kwa muziki wa hasira, hilo si hasara hata kidogo.

Dhana: Tamasha la wanawake ni la kila mwanamke

Mwaka 1999 L7 walikodi ndege ikapita juu ya Lilith Fair, tamasha la wanamuziki wanawake, na bango la kuwauliza watazamaji kama wamechoshwa, basi wawajaribu L7. Promota anayewaweka wapiga roki kati ya waimbaji wawili wa nyimbo laini kwa kuwa wote ni wanawake anawaharibia wote watatu, pamoja na fundi mitambo wake.

Dhana: Wakisambaratika, ni ugomvi wa wanawake

Tazama hesabu badala ya tabia. Finch aliondoka L7 mwaka 1996. Albamu ya 1999 waliitoa chini ya lebo yao wenyewe, Wax Tadpole, na mwaka 2001 wakasimama. Bendi isiyo na kampuni nyuma yake hulipia yenyewe studio, usafiri na matangazo, na bendi za wanaume hufa kwa ugonjwa huohuo bila mtu kutaja jinsia yao. Waliporudi, Sparks, Gardner, Finch na mpiga dramu Dee Plakas walikuwa pamoja tena. Albamu yao ya 2019, Scatter the Rats, ya kwanza katika miaka 20, ilitolewa na Blackheart, lebo ya Joan Jett, aliyeanzia kwenye bendi nyingine ya wasichana watupu, The Runaways, mwaka 1975.