Mvinyo wa uwekezaji: uliza kasha liko ghala gani, na kwa jina la nani

Tangu bonasi ya majani chai ilipoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, maswali kuhusu kuwekeza kwenye mvinyo wa Ulaya yamezidi kufika kwenye dawati letu kutoka Kisumu, Vihiga, Bungoma na Nakuru. Wengi wanaouliza ni waweka hazina wa vyama waliokabidhiwa karatasi zenye picha za chupa, jedwali la faida na cheti chenye muhuri. Makala haya yanaeleza biashara hii inavyokwenda, inapokwama, na la kufanya pesa zikishatoka mfukoni. Hayamkatazi mtu kununua, wala hayampendekezei mtu kampuni yoyote.

Biashara yenyewe ipo kweli. Mvinyo wa mashamba machache ya Bordeaux na Burgundy nchini Ufaransa, pamoja na wa Champagne na wa Italia kiasi, hununuliwa na watu wasio na nia ya kuunywa leo. Mashamba ya Bordeaux yalipangwa kwa madaraja mwaka 1855, na daraja la kwanza la mvinyo mwekundu hadi sasa lina matano tu: Lafite Rothschild, Latour, Margaux, Haut-Brion na Mouton Rothschild, lililopandishwa mwaka 1973. Mavuno ya mwaka uliopita hayawezi kuongezwa. Kila chupa inayofunguliwa inapunguza zilizobaki, na hapo ndipo bei hupata nguvu ya kupanda. Wafanyabiashara huuziana kupitia soko la Liv-ex la London, lililoanzishwa mwaka 2000, na fahirisi zake, yaani vipimo vya jinsi bei zinavyopanda na kushuka, ndizo hunukuliwa kwenye matangazo. Mtu binafsi hauzi humo moja kwa moja. Hupitia mfanyabiashara ambaye ni mwanachama.

Anayekuambia bei haishuki anakudanganya. Bei za Bordeaux zilipanda hadi mwaka 2011, kisha zikateremka kwa miaka kadhaa. Zikapanda tena hadi 2022, halafu fahirisi ya Liv-ex Fine Wine 100 ikashuka mwaka 2023 na pia 2024. Ukionyeshwa jedwali linaloishia 2022, dai miaka iliyobaki. Watu wa Nyanza na Magharibi wanalijua jambo hili kwa macho yao: mwaka 2013 na 2014 kware walifugwa kila boma, mayai yakauzwa ghali, kisha soko likajaa na wenye vizimba wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Mvinyo hauharibiki haraka kama yai, lakini swali la nani atanunua siku unayotaka kuuza ni lile lile.

Sasa umiliki, ambao ndio kiini cha malalamiko karibu yote tunayopokea. Cheti si mali. Tumelisema mara nyingi na bado watu wanatuletea cheti kilichowekwa plastiki wakiuliza thamani yake.

Kasha la uwekezaji kwa kawaida ni la mbao, lina chupa 12 au 6 za mililita 750, na halijafunguliwa tangu litoke shambani. Hukaa kwenye ghala la forodha, yaani ghala ambamo ushuru wa bidhaa na VAT ya nchi hiyo havilipwi hadi kasha litolewe kwenda kutumiwa. Uingereza kuna maghala yanayofahamika kwa kazi hii, kama London City Bond, na Octavian ambalo liko chini ya ardhi huko Corsham.

Kila mvinyo wa aina hii una namba ya utambulisho iitwayo LWIN. Ikiandikwa kwa ukamilifu ina tarakimu 18. Tarakimu 7 za kwanza ni mzalishaji na jina la mvinyo, 4 zinazofuata ni mwaka wa mavuno, 2 ni idadi ya chupa, na 5 za mwisho ni ujazo wa chupa kwa mililita. Kwa hiyo kasha la chupa 12 za kawaida, la mavuno ya 2016, ni lazima namba yake imalizikie 2016 12 00750. Ukipewa cheti kinachotaja chupa 12 huku namba inaishia 06 00750, umeuziwa nusu ya ulicholipia. Lakini usikomee hapo. LWIN hutaja aina ya mvinyo, haitaji kasha lako. Makasha elfu moja ya mvinyo mmoja, mwaka mmoja na ukubwa mmoja yana LWIN moja. Kinacholitenga lako na mengine ni namba ya shehena ambayo ghala lenyewe huiandika siku mzigo unapoingia, pamoja na jina la akaunti iliyobeba namba hiyo.

Namba ya ghala ikikosekana, ulicho nacho ni ahadi ya muuzaji tu. Akaunti inaweza kuwa kwa jina lako mwenyewe, na hiyo ndiyo salama zaidi. Inaweza pia kuwa ya kampuni iliyokuuzia, na wewe ukaandikwa ndani yake kama mteja. Hii ya pili ikubali tu ikiwa mkataba unasema waziwazi kwamba mvinyo si mali ya kampuni na hauwezi kuwekwa rehani kwa mkopo wake. Kampuni ikifilisika, msimamizi wa ufilisi atahesabu kilichoandikwa kwa jina la nani, hatahesabu ulichoahidiwa hotelini Milimani.

Kabla ya kulipa, liandikie ghala wewe mwenyewe kwa anwani uliyoitafuta wewe, si ile iliyochapishwa kwenye cheti. Ghala kwa kawaida halitoi habari za akaunti bila idhini ya mwenye akaunti, kwa hiyo mtake muuzaji aandike idhini hiyo. Ni mistari miwili. Akikataa, usilipe. Ghala likijibu, taka namba ya shehena, tarehe mzigo ulipoingia, jina la akaunti, na kama kasha lina zuio la deni lolote. Omba pia picha za kasha na ripoti ya hali yake: misumari au bendi za awali, alama za kuvuja, na kwa mvinyo mkongwe, kiwango cha mvinyo shingoni mwa chupa. Kiwango kikishuka hadi kwenye bega la chupa, kizibo kimepitisha hewa na bei huanguka.

Tahadhari hizi zina sababu. Rudy Kurniawan alihukumiwa New York mwaka 2014 kifungo cha miaka 10 kwa kuuza mvinyo bandia aliouchanganya nyumbani. Alinaswa kwa sehemu kwa sababu aliuza chupa zenye miaka ambayo shamba husika lilikuwa halijaanza kutengeneza mvinyo huo. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa New York walifungua kesi kuhusu kampuni iliyoitwa Bordeaux Cellars: wawekezaji waliambiwa wanawakopesha matajiri wenye mvinyo, na mvinyo ndio dhamana. Mashtaka yalitaja dola milioni 99, na yalisema wakopaji hao hawakuwepo. Hao walikuwa wawekezaji wenye mawakili. Chama cha watu 20 wa Kondele hakiwezi kununua mbuzi kwenye gunia kikatarajia mwisho tofauti.

Ipo pia njia ya kununua mvinyo ungali kwenye pipa, miezi kadhaa tu baada ya mavuno, na chupa zikaja takriban miaka miwili baadaye. Katika miaka hiyo miwili hakuna kasha wala namba ya shehena. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza aliye mbali na soko, ushauri wetu ni kuiacha.

Wengine huuliza kwa nini wasilete mvinyo hapa wakauhifadhi wenyewe. Mvinyo wa kukaa miaka 15 unahitaji nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi zisizobadilikabadilika, unyevunyevu wa karibu asilimia 70, giza, na chupa ilazwe ili kizibo kisikauke. Kisumu mchana hufika nyuzi 29 au 30. Mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo, usiku hunywea na kuvuta hewa, na baada ya miezi utaona utepe wa rangi ya zambarau kavu ukingoni mwa kizibo. Chupa hiyo hainunuliwi tena. Nakuru ni baridi zaidi, lakini tofauti ya mchana na usiku ni kubwa, na kabati la sebuleni si ghala. Friji ya kawaida nayo hukausha kizibo. Zaidi ya hayo, kasha likishatoka kwenye ghala la forodha, wanunuzi wa London hawana tena uthibitisho wa jinsi lilivyotunzwa, na bei hupungua hata kama mvinyo ni mzima. Hapa nyumbani utalipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, na chupa itahitaji stempu ya KRA. Kisha huwezi kuuza bila leseni: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile inayoitwa ya Mututho, inataka kibali, na kibali hutolewa na kaunti. Chupa ya Leleshwa kutoka Naivasha ni ya mezani, inunue uinywe.

Gharama ndizo hufichwa zaidi. Chukua kasha la pauni 3,000. Kuhifadhi pamoja na bima hugharimu takriban pauni 10 hadi 20 kwa mwaka. Tuseme 15, kwa miaka 5 ni pauni 75. Bei ikipanda asilimia 20, kasha linauzwa pauni 3,600. Kamisheni ya dalali ya asilimia 10, ambayo ni ya kawaida, ni pauni 360. Unabaki na 3,240, ukitoa uhifadhi ni 3,165. Faida ni pauni 165 kwa miaka 5, yaani asilimia 5.5 kwa jumla, na bado hujahesabu ada za benki za kutuma na kupokea. Halafu kuna shilingi yenyewe. Januari 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa kama 129. Aliyebadilisha pesa Januari alipoteza karibu asilimia 19 kwa hesabu ya shilingi kabla bei ya mvinyo haijasogea.

Kuhusu sheria za hapa, tafadhali tuelewane: kusajiliwa si kupewa leseni. Fomu ya CR12 inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, basi. Haisemi kwamba kampuni inaruhusiwa kukusanya pesa za umma. Mtu kukuuzia kasha moja ni biashara ya bidhaa. Lakini anayekusanya michango ya watu wengi kwenye mfuko mmoja, akausimamia yeye na kuwaahidi mgao, kwa kawaida huwa ameingia kwenye eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya Mamlaka. Tafuta jina kamili la kampuni, herufi kwa herufi, kwa sababu majina yanayofanana ni mbinu ya zamani.

Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 3. Ukifanyika kwa mfumo wa kompyuta, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 26, inaruhusu faini hadi shilingi milioni 20, kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Wanaoleta wenzao kwa kamisheni wasidhani wako nje ya haya. Itategemea walijua nini na ushahidi unasema nini.

Pesa zikishatoka, saa za kwanza ndizo muhimu. Kwa M-Pesa, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Kwa benki, nenda tawini na barua ya kuomba malipo yazuiwe. Usimpigie muuzaji kumtisha kwanza. Utakuwa umempa nafasi ya kuhamisha. Piga ripoti kituo cha polisi, usiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha nenda kwa wapelelezi wa DCI, ambao pia hupatikana kwa 0800 722 203 bila malipo. Ukipigiwa baadaye na mtu anayesema atakurudishia pesa ukilipa ada au ushuru wa kuachilia kasha, usilipe. Mara nyingi ni walewale.

Ikiwa aliyekuuzia yuko hapa na anajulikana anapokaa, na dai halizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo ipo Kisumu na Nakuru. Nenda na taarifa ya M-Pesa unayoipata kwa *334#, risiti za benki, mkataba, cheti chenyewe, na mazungumzo ya WhatsApp yaliyotolewa yote kama faili, si picha za skrini zilizochaguliwa. Simu yenyewe usiifute wala kuibadilisha. Tengeneza nakala tatu za kila karatasi, na moja ubaki nayo.