Ile ncha iliyojinyonga ya kanisa la Chesterfield, na kwa nini mbao mbichi zinasingiziwa

Kila nikiwaonyesha watu picha ya kanisa la St Mary and All Saints la Chesterfield, Uingereza, swali la kwanza ni lile lile, hii si umeichezea kwenye simu? Sijaichezea jamani. Juu ya mnara wa mawe kuna kofia ndefu ya mbao imechongoka kama penseli, ndo ninayoiita ncha, ina pande 8, imevikwa shiti za risasi (ile metali, sio ya bunduki), na yote imejinyonga kama kitenge kinachokamuliwa maji. Kutoka ardhini mpaka kileleni ni futi 228, karibu mita 69. Imejizungusha nyuzi 45, na kilele chake kimehama futi 9 na nusu hivi kutoka pale kilipotakiwa kukaa, yaani pungufu kidogo tu ya bati la futi 10. Na imesimama hivyo hivyo kwa karne kadhaa.

Wenyeji wana stori zao. Moja inasema shetani alienda kwa mhunzi wa Bolsover, mji wa jirani, kupigiwa kiatu cha chuma kama farasi, mhunzi akakosea msumari ukaingia kwenye nyama, shetani akaondoka anaruka kwa maumivu na alipopita juu ya Chesterfield akaipiga ncha teke. Nyingine ni kwamba siku moja aliolewa pale bibi harusi ambaye kweli ni bikira, mnara ukashangaa ukageuka kumwangalia, na utanyooka siku akitokea mwingine. Hii ya pili wanaisimulia wenyewe huku wanacheka.

Sasa mimi kazi yangu ni kenchi (zile mbao zinazobeba paa) na miundo ya mbao kwa ujumla, kwa hiyo shetani namwacha.

Kanisa lenyewe liko Derbyshire, Uingereza, lina umbo la msalaba na mnara umekaa pale katikati mikono inapokutana. Kuna kazi ya karne ya 13 ndani yake lakini sehemu kubwa ya unachokiona ni karne ya 14. Ni kanisa la parokia, sio la askofu, ila ukubwa wake utakushangaza, ni kwa sababu Chesterfield ulikuwa mji wa soko na vyama vya wafanyabiashara na mafundi vilikuwa na hela, vikajijengea vikanisa vyao vidogo humo humo ndani ambapo wanachama wao waliokufa waliombewa. Ile ncha ilipandishwa karibu mwaka 1362. Kwenye makumbusho ya mji wamehifadhi gurudumu kubwa la mbao la kupandishia mizigo lililotumika enzi hizo, na mtu wa site akiliona lazima asimame, maana winchi zetu za leo zinafanya kazi ile ile.

Ushike huo mwaka, 1362. Miaka kama 13 nyuma yake, 1348 na 1349, tauni ilipita Uingereza ikaua kati ya theluthi na nusu ya watu. Ukisoma kuhusu Chesterfield utakutana na maelezo kwamba mafundi wakubwa walikufa wakabaki wale tunaowaita saidia fundi, na hao ndo walipandisha ncha kwa mbao mbichi, ikapinda, kwisha habari. Inasikika vizuri, lakini hapo kwenye mbao mbichi mimi nakataa.

Mbao za pale ni mwaloni. Mwaloni unakauka taratibu mno, hesabu ya mafundi ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, sasa boriti ya inchi 12 utaisubiri miaka 12? Nani ana muda huo? Af ukikauka unakuwa mgumu kiasi kwamba shoka na patasi ya mkono vinalia. Kwa hiyo mafundi wa zama zile kwa kawaida walikata mti, wakauchonga bado mbichi, wakaunga kwa vigingi vya mbao na wakauacha ukaukie hapo hapo kwenye jengo, na ukiingia kwenye paa za zamani za Uingereza utaona boriti zimepasuka na kujikunja kidogo lakini paa liko imara. Walijua kabisa mti utasinyaa na walijipanga, maana mwaloni hausinyai sawasawa, kufuata zile duara zake unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini, na kwa urefu ni kama hausinyai kabisa. Kuwalaumu kwa kutumia mbao mbichi ni kama kumlaumu mpishi kwa kutia maji kwenye wali.

Kinachonisumbua mimi ni mbao za mshazari. Chukua fito 4 tengeneza mraba, kila kona msumari mmoja, sukuma kidogo uone, inalala. Ongeza fito moja ya mshazari ukate kona kwa kona, haiendi popote, maana sasa una pembetatu. Ncha ya Chesterfield haikuwekewa mishazari ya kutosha. Hapo ndo naweza kukubali hoja ya tauni, kwa sababu kuchonga mti ni kitu unajifunza kwa mazoezi, ila kujua mshazari uende wapi na wangapi kwenye kitu chenye pande 8 kinachozidi kuwa chembamba juu angani, hiyo ni akili ya fundi mkuu, na akifa kabla hajamfundisha mtu imekwenda.

Sasa ongeza risasi. Derbyshire wamechimba risasi tangu enzi za Warumi, kwa hiyo mabati hayo ilikuwa ni bidhaa ya nyumbani. Pale juu kuna kama tani 33 za risasi, na kuna wataalamu wanaoona kwamba mifupa ile ya mbao iliyo ndani ilipigiwa hesabu ya vigae vya mbao, vyepesi, halafu ikaja kubebeshwa metali. Mti mbichi ukielemewa na mzigo huku unakauka unajikunja, na ukishakauka hivyo ndo basi, umbo linabaki.

Af kuna jua. Upande wa kusini unapigwa na jua, wa kaskazini uko kivulini. Risasi inatanuka sana ikipata joto, shiti ya mita 2 ikipanda nyuzi joto 40 inaongezeka zaidi ya milimita 2, na ni laini kiasi kwamba ikipoa hairudi yote ilipotoka. Upande mmoja unasukuma kila siku, mwingine umetulia, chini yake kuna mifupa isiyo na mishazari ya kuikatalia. Jua peke yake lisingeweza, uzito peke yake labda ungeinamisha tu. Kwa maoni yangu mishazari ingekuwepo ya kutosha leo tungekuwa na ncha iliyonyooka ambayo hakuna mtu anaipiga picha.

Tarehe 22 Desemba 1961 nusura yote haya yawe historia. Moto uliwaka ndani ya kanisa ukaunguza mkono wa kaskazini pamoja na kinanda kikubwa cha mabomba kilichotengenezwa na John Snetzler mwaka 1756. Kwa mtu wa mbao kama mimi kuifikiria ile ncha kavu ya karne 6, risasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na moto chini yake, ni kitu kinachoninyima raha hata leo. Haukufika juu.

Kitu kimoja macho yanadanganywa pale: shiti za risasi zimepangwa mshazari kama mifupa ya samaki, kwa hiyo kila upande unaonekana kama una mkunjo katikati na watu wengi wakihesabu wanapata pande 16. Ni 8. Hesabu pembe zinazoanzia chini kwenye mnara, usihesabu mistari.