Mtihani wa chuo wa jimbo zima: maana yake nini?

Ukiwa na mtoto kwenye sekondari ya serikali huko Marekani, ipo siku atarudi nyumbani na karatasi inayosema kwamba darasa lote la 11 litafanya ACT, au SAT, siku ya masomo, bila kulipa chochote. Huo ndio mtihani wa chuo wa jimbo zima. Serikali ya jimbo inachukua mtihani ule ule ambao vyuo vikuu huutumia kuchagua wanafunzi, inaulipia, kisha inampa kila mwanafunzi wa shule za umma, awe na nia ya kwenda chuo au hana.

Mzazi aliyesoma Kongo atafikiria mara moja Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Sivyo. Ukishindwa Exetat hupati diploma. ACT na SAT hazina kufaulu wala kufeli: mtoto anapewa alama tu, kuanzia 1 hadi 36 kwa ACT, kuanzia 400 hadi 1600 kwa SAT, na chuo kinazitazama pamoja na maksi zake za darasani. Tangu mwaka 2020 vyuo vingi havilazimishi tena alama hizo, ingawa baadhi vimerudisha sharti hilo.

SAT ilianza mwaka 1926 na ACT mwaka 1959, na kwa miaka mingi ilikuwa kila familia na lwake. Mtoto anajiandikisha, analipa ada, na Jumamosi asubuhi anapelekwa kituo cha mtihani, pengine mji mwingine. Msamaha wa ada kwa wasio na uwezo ulikuwepo, lakini shurti ujue upo na uuombe. Sasa mfikirie mama anayefanya kazi usiku kiwandani, hana gari, na neno ACT hajawahi kulisikia. Mwanawe hakuukataa mtihani. Hakuna aliyemwambia kwamba upo.

Colorado na Illinois ziliufungua mlango huo kwa wote mwaka 2001, Michigan ikafuata mwaka 2007 na Kentucky mwaka 2008. Huko Michigan mtafiti Joshua Hyman aligundua jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote: kwa kila wanafunzi 10 maskini waliopata alama za kutosha kwenda chuo, walikuwepo maskini wengine 5 ambao wangezipata pia, ila walikuwa hawafanyi mtihani wowote. Watoto wenye uwezo, na hakuna aliyewajua! Ongezeko la walioingia vyuo vya miaka minne lilikuwa dogo, kwa kuwa alama nzuri peke yake hailipi karo. Lakini angalau sasa wanaonekana.

Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2015 iliyaruhusu majimbo kuutumia mtihani wa aina hii badala ya mtihani wao wenyewe wa sekondari, ndiyo maana umeenea.

Usidanganyike na orodha za wastani wa majimbo. Nevada, ambako darasa zima hufanya ACT, wastani hukaribia 17. Massachusetts hupita 26, kwa sababu huko wanaojitokeza ni wachache wenye maandalizi. Anayesema Nevada ina watoto wajinga hajauliza ni wangapi walioketi kwenye madawati.

Kwa familia zetu zinazoongea Kiswahili, la muhimu zaidi ni msaada kwa anayejifunza Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kupewa muda wa ziada na orodha ya maneno ya lugha mbili, neno kwa neno, bila maelezo. Lakini msaada huo lazima uidhinishwe na wenye mtihani, yaani mashirika yanayoutunga. Jimbo linaweza kumruhusu mtoto msaada mwingine ambao wao hawajauidhinisha, na hapo alama zake zinahesabiwa kwa jimbo tu, hazitumwi chuoni. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi miezi kadhaa kabla, umwulize waziwazi: "Alama za mwanangu zitafika chuoni?" Asipokuwa na jibu, mwombe aulize, kwa maana maombi ya msaada yana tarehe ya mwisho, nayo hupita mapema kuliko siku yenyewe ya mtihani.