Kibanda cha mita tisa kinakalika?

Vijana waliopata kiwanja Kibaha au Bagamoyo, na wenye mashamba wanaotaka pa kulala mwisho wa wiki, huniuliza swali lile lile: "Msanifu, nikijenga kidogo kabisa, niishie wapi?" Wanataka namba. Ninayo: mita za mraba 9 kwa mtu mmoja, au wawili wanaopatana. Tatizo ni kwamba wakishaisikia wanaacha kusikiliza, na sehemu inayoamua kama kibanda kitakalika ndiyo inafuata: umetoa nini nje ya kuta zake?

Hiyo 9 haikutoka hewani. Kanuni ya Ufaransa ya 2002 kuhusu nyumba inayofaa kupangishwa inadai chumba kikuu kiwe na mita za mraba 9 na kimo cha mita 2.2, au ujazo wa mita 20. Chumba chetu cha kupanga, futi kumi kwa kumi, ni mita za mraba 9.3. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kitanda cha futi nne kwa sita kinakula mita za mraba 2.2 peke yake. Kando yake unahitaji sentimita 60 za kupita, na zaidi ya hapo kama unataka kuinama ufunge viatu. Meza ndogo na kiti chake vinakula mita moja na nusu, maana kiti lazima kirudi nyuma. Mlango ukifungukia ndani unafagia nusu mita ya mraba ambayo hutaweka hata ndoo. Weka na nguo, weka na begi, umeshafika tisa.

Sasa kuna kibanda kimoja ambacho kila mwanafunzi wa usanifu huonyeshwa. Msanifu maarufu Le Corbusier alikijenga mwaka 1952 kwa mapumziko yake, Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, juu kidogo ya bahari. Ndani ni mita 3.66 kwa 3.66, kimo mita 2.26. Kila kitu kimepimwa kwa mwili: 2.26 ni mtu mrefu aliyenyoosha mkono juu, 1.83 ni mtu huyo huyo amesimama, na mara mbili ya 1.83 ni upana wa chumba. Mbao zilitengenezwa Corsica zikaja kuunganishwa pale. Ndani kuna kitanda, meza, karo la kunawia, na choo nyuma ya pazia. Mwaka 2016 kiliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na majengo yake mengine.

Kinachosifiwa darasani ni vipimo. Mimi huwaonyesha wateja wangu kitu kingine: hakina jiko. Kibanda kimegandana ukutani na mgahawa wa rafiki yake, kuna mlango unaopita moja kwa moja kuingia humo, na mzee alikula huko. Bafu lake la kuogelea lilikuwa bahari nzima ya Mediterania. Mita 13 na kitu alizolala zilikuwa chumba kimoja cha nyumba kubwa isiyo na kuta. Anayenakili vipimo vile akaviweka Tabata katikati ya maghorofa, akapikia humo humo, amenakili kilicho rahisi kunakili.

Na wala hatukuhitaji kwenda Ufaransa. Nyumba ya Kiswahili, ya Kariakoo au Ng'ambo, ina korido katikati na vyumba vitatu kila upande, na familia nzima inapanga chumba kimoja. Inawezekanaje? Mbele kuna baraza la kukaa na kupokea wageni, nyuma kuna ua wenye jiko, choo na kamba ya nguo. Chumba kinabaki na kazi mbili, kulala na kufungia mali. Hata Lamu, kwenye nyumba za mawe, upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo haivuki vizuri mita tatu. Watu wenye pesa zao waliishi kwenye vyumba vyembamba namna hiyo kwa karne nyingi, ua wa ndani ukiwapa hewa na mwanga. Viwango vya Sphere vinavyotumika kwenye makambi ya wakimbizi vinataja mita 3.5 kwa mtu, na vinasema wazi kwamba jiko, bafu na choo havimo kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo nikichora kibanda cha mita 9, nachora kibaraza cha mita moja na nusu chini ya paa hilo hilo, na mlango ukifungukia huko. Jiko linakaa nje. Hapa sibembelezi mtu: jiko la mkaa ndani ya chumba kama hiki, madirisha yamefungwa kwa baridi, linaua watu usingizini. Akisisitiza kupika na kuoga ndani, tunazungumzia mita 18 hadi 20, na hapo si kibanda tena.

Kuhusu hewa watu hukosea kwa kutazama sakafu badala ya ujazo. Mita 9 kwa kimo cha 2.4 ni ujazo wa mita 21 na nusu. Wawili wakilala humo na kila kitu kimefungwa, hewa inakuwa nzito kabla ya usiku wa manane. Unyevu nao upo: mtu akilala anatoa karibu robo lita ya maji usiku mmoja kwa pumzi na jasho. Nenda Makete au Njombe mwezi wa saba, kwenye kibanda cha bati kisicho na dari. Asubuhi bati limeloa kwa ndani, matone yamejipanga kwenye kila bonde, na blanketi limeshapata madoa. Wenyewe wanadhani paa linavuja. Dawa ni dari inayofuata mteremko wa paa badala ya kulala bapa, nafasi ya hewa kati yake na bati, tundu lenye wavu juu karibu na kilele, na dirisha chini upande wa pili. Dari ya mteremko inakupa na mita tatu au nne za ujazo bila kuongeza tofali hata moja. Huko pwani, dari hiyo hiyo inakuokoa na joto la saa nane mchana.

Umbo ninalolipenda ni futi 8 kwa 12, mita 2.44 kwa 3.66. Sakafu ni plaiwudi tatu nzima, hukati hata moja. Kitanda kinalala kukingama ukuta wa mwisho, na sentimita 61 zinazobaki miguuni ndizo kabati la nguo.

Bei haipungui sawa na ukubwa. Mlango ni ule ule, nyaya na swichi zile zile, fundi analipwa siku zile zile za kupaua, na shimo la choo halijui kama umejenga chumba kimoja au vinne. Ndiyo maana mwenye shamba anayewaza kupokea wageni baadaye namshauri tuchore ua kwanza, wenye choo, bafu na jiko moja lililokamilika, kisha vibanda vije kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu.