Je, wajua kwa nini sanamu ya ndege iliwahi kutozwa ushuru kama sufuria?

Mwaka 1926, Edward Steichen, mpiga picha wa Marekani, alinunua kwa dola 600 sanamu ya shaba iliyochongwa na rafiki yake Constantin Brancusi, Mromania aliyeishi Paris. Hawakuwa watu waliokutana juzi. Mwaka 1914 Steichen alisaidia kuandaa maonyesho ya kwanza ya Brancusi peke yake huko New York, na bustani yake nchini Ufaransa iliwahi kuwa na nguzo ya mbao ya mchongaji huyo.

Sanamu iliitwa Ndege Angani. Ilipofika New York, maafisa wa forodha hawakuona bawa, mdomo wala unyoya. Waliona kipande kirefu cha shaba kinachong'aa. Sanamu halisi hazikulipiwa ushuru, ila hii waliiweka kwenye kundi la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali: asilimia 40, yaani dola 240.

Ushuru huo ukapingwa mahakamani, na Steichen alipanda kizimbani kama shahidi. Akaulizwa, je, angeiona msituni angeifyatulia risasi? Akajibu hapana. Swali la kuchekesha, lakini kesi haikuamuliwa hapo. Mahakama ilitaka kujua kama aliyeitengeneza ni mchongaji kwa kazi, kama ni kazi halisi, na kama haina matumizi mengine. Brancusi alieleza kwa kiapo: alitengeneza kielelezo cha plasta, akampa msubu, yaani fundi wa kuyeyusha na kumimina madini, pamoja na vipimo vya kuyachanganya, kisha yeye mwenyewe akaziba matundu, akarekebisha kasoro na kung'arisha kwa tupa na msasa laini sana. Tarehe 26 Novemba 1928 ushuru ukaondolewa.

Sasa njoo Tabaka, Kisii, nchini Kenya, wanakochonga sanamu za jiwe laini. Mwombe mchongaji akuonyeshe picha za kazi zake. Simu imejaa sanamu za wanyama viboko na familia zilizokumbatiana, zote zimekamilika, zimepigwa saa saba juani. Ya jiwe likiwa bado halijachongwa hamna. Sheria ile ya Marekani ilisamehe sanamu halisi na nakala zisizozidi mbili. Mwenye viboko 60 vinavyofanana angeanzia wapi kujieleza?

Rafiki mwenye kamera anafaa hapa, maana picha za hatua za kazi huonyesha jinsi ilivyochongwa kwa mkono. Piga picha tano: jiwe kabla ya kuguswa (likiwa na kiberiti kando ili ukubwa uonekane), baada ya panga na patasi, baada ya tupa, wakati wa msasa wa maji, na mwisho. Upande uwe uleule, mahali palepale.

Jiwe likiwa limelowa maji huonekana jeusi kuliko lilivyo, na mnunuzi atalalamika baadaye kwamba aliletewa jingine. Liache likauke kabisa. Zima flashi, maana jiwe lililopakwa nta hutoa doa jeupe na umbo linapotea. Liweke karibu na mlango, mwanga uje kutoka ubavuni, na upande wa giza simamisha kadibodi nyeupe. Simu iwe usawa wa kiuno cha sanamu. Ukipiga kutoka juu, kichwa kinavimba na miguu inasinyaa. Rudi nyuma kama mita mbili, uikuze picha mara mbili kwa zoom ya simu, badala ya kusogelea. Ukitandika kitambaa cheusi nyuma ya jiwe jeupe, simu hudanganyika na kuliunguza kwa mwanga: gusa jiwe kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwangaza hadi mistari ionekane.

Shaba iliyong'arishwa ni ngumu zaidi, kwa sababu inakuonyesha wewe na simu yako. Vaa nguo nyeusi. Brancusi, ambaye picha ambazo wengine walipiga za sanamu zake hazikumridhisha, alizipiga mwenyewe baada ya Man Ray, msanii na mpiga picha wa Marekani, kumfundisha, na mng'ao huo aliuacha makusudi ulipuke.

Picha inayosahaulika zaidi ni ya tupa. Ipige kabla ya msasa, kwa kuwa alama za mkono zikishalainishwa hazirudi.